Mkate Wenye Uso Mmoja

Anjera ya Kisomali huiva upande mmoja tu. Haigeuzwi. Upande uliolala kwenye chuma hutoka laini, wa rangi ya kahawia, umezibika. Upande wa juu hubaki mweupe, umejaa vitundu, na juu ya vitundu hivyo umepita mfuo mmoja unaoanzia katikati na kuzunguka mpaka ukingoni. Mpishi aliyeizoea huipakua uso ukiwa juu. Ukiletewa anjera iliyolazwa kifudifudi, ujue aliyeipakua anaihesabu kuwa chapati nyembamba. Mkate huu una uso na una mgongo, na hukumu yoyote juu yake sharti ianzie hapo.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa mapema kutenganisha fani na maudhui, kisha walimu wao hutumia miaka iliyobaki kuwaonya kwamba viwili hivyo havitengani. Katika mikate tumebaki kwenye somo la kwanza. Tukiulizwa mkate fulani ni upi, tunataja maudhui: ni wa ngano, ni wa mtama, ni wa mahindi. Na tukiulizwa kuhusu mikate ya Wasomali, tunachora ramani. Kaskazini, Hargeisa na Djibouti, husema laxoox. Kusini, Mogadishu na viunga vyake, husema canjeero. Mkate wa kusukuma na kukunja, kaskazini ni kimis, kusini sabaayad. Mkate wa tanuri wa pwani ya Benadir ni muufo. (Tangu Somalia ichague herufi za Kilatini mwaka 1972, herufi c na x zimesimamia sauti za kooni ambazo msomaji wa Kiarabu atazitambua, kwa hiyo macho yasikudanganye: canjeero hutamkwa karibu na anjeero, na laxoox karibu na lahooh. Wakenya tumelilainisha jina la kwanza likawa anjera.)

Ramani hiyo ni ya kweli, ila haijibu swali linalonishughulisha. Katika Munyaka, mtaa wa Eldoret ulio jirani na Kapsoya, majina hayo hayakupokewa sawa. Anjera inajulikana hata na mtu ambaye hajawahi kuketi katika nyumba ya Msomali. Sabaayad haijulikani, ijapokuwa huliwa. Malawax, mkate mtamu wa mayai, huitwa kwa jina la kuazima. Muufo haipo kabisa. Laxoox ukiitaja, utaulizwa ni dawa ya nini. Kama majina yangefuata watu peke yao, yangefika pamoja na kukaa pamoja. Naamini yamefuata maumbo: jina limeshika pale umbo lilipokuwa geni machoni mwa majirani, na limemezwa pale umbo lilipofanana na kitu walichokuwa nacho tayari.

Watu kwanza, kwa ufupi. Wasomali wa mwanzo kuzoeleka katika nyanda za juu za Kenya hawakutoka Garissa wala Wajir. Walikuwa hasa wa koo za Isaaq na Harti, wengi wao kutoka upande wa Berbera na Aden, walioingia wakiwa walinzi wa misafara, askari, watumishi na wafanyabiashara wa mifugo. Lord Delamere mwenyewe, mlowezi maarufu wa Kiingereza, alifika nchi hii mwishoni mwa miaka ya 1890 kwa kupitia Berbera, akiwa na msafara wenye Wasomali. Na ni Delamere huyohuyo aliyehangaika baadaye na ngano huko Njoro, akisumbuliwa na ugonjwa wa kutu, mpaka kampuni ya kusaga iitwayo Unga ikaanzishwa mwaka 1908, mwaka uleule Makaburu walipopanda Uasin Gishu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Mkono uliojua kupika mkate na unga ambao siku moja ungeupika vimepita katika historia ya mtu mmoja, naye sidhani kama aliwahi kuviwazia pamoja. Mwaka 1919 sheria maalumu iliwapa baadhi ya Wasomali hao hadhi tofauti na ile ya Waafrika wengine. Kwa asili yao walikuwa watu wa laxoox. Watu wa canjeero walizidi kuja baadaye, kutoka Kaskazini Mashariki ya Kenya, na baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, kutoka kusini mwa Somalia kupitia Dadaab na Eastleigh. Wimbi hilo la pili lilikuwa kubwa, na lilileta hoteli. Hoteli huandika jina la chakula ukutani, nyumba haiandiki.

Sasa mfuo wenyewe.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo aliyelelewa Garissa, hupika alfajiri kwenye jiko la makaa, naye amenivumilia nikisimama mlangoni kutazama mkono wake. Huchota rojo kwa upawa na kuimwaga katikati ya chuma. Kisha, badala ya kuuinua upawa, hukilaza kitako chake juu ya rojo hiyohiyo na kuanza kuzungusha kwa upole kuelekea nje, kila mzunguko ukiisukuma rojo mbele kidogo, mpaka afike ukingoni. Hakuna kurudi nyuma kurekebisha. Mahali palipotoboka patabaki pametoboka. Nilimwuliza kwa nini asiinamishe chuma huku na huku, rojo ijitandaze yenyewe.

"Walaal," yaani ndugu, akasema bila kunitazama, "ikijitandaza yenyewe, nani amepika?"

Jibu hilo lina uhakiki mwingi ndani yake kuliko wote nitakaouandika mimi. Kitako cha upawa hufanya kazi mbili kwa mwendo mmoja: hutandaza, na huandika. Pale kinapopita hubaki bonde jembamba, na kati ya pito moja na jingine hubaki tuta. Kwa hiyo unene wa anjera haulingani popote. Bonde hukauka mapema na kupata ukakamavu kidogo. Tuta hubaki na unyevu na kunepa. Ukitafuna, ulimi hupita kwenye ukavu na ulaini kwa zamu, jambo ambalo chapati haiwezi kulifanya hata ikipikwa na bingwa. Mfuo si pambo lililowekwa baada ya kazi kwisha. Ni kazi yenyewe iliyokataa kufutika.

Ilinganishe na injera ya Ethiopia, ambayo wengi huichukua kuwa mkate uleule uliokuzwa. Mpishi wa Addis Ababa naye huzungusha, lakini huanzia ukingoni na kuelekea ndani, na chombo chake hubaki hewani. Hakiigusi rojo. Rojo ya tefu ni nyepesi, hujiunga yenyewe, na njia ya mkono hufutika. Kinachobaki ni vitundu, ambavyo Waethiopia huviita macho, vimetapakaa sawasawa juu ya duara pana linalotosha watu kadhaa kuketi na kulizunguka. Mchuzi humwagwa juu yake na mkate huwa ndio sahani. Anjera hutoka katikati kwenda nje, ina upana wa sahani ya mtu mmoja, na mkono ulioipika unaonekana. Mpishi mwenye haraka huacha mizunguko michache mipana. Aliyetulia huacha mingi iliyobanana. Ungenichanganyia anjera za wapishi wawili ninaowafahamu, nadhani ningezitenga bila kuonja hata moja. Kwa injera nisingethubutu kudai hivyo, na silisemi hilo kuidharau: injera imechagua kumficha mpishi, na ina haki.

Vitundu vina asili nyingine. Hivyo ni kazi ya chachu, si ya mkono. Rojo iliyokaa usiku kucha hujaa hewa. Ikikutana na chuma cha moto, hewa hupanda na kutoboa juu, na unga hukauka kabla tundu halijapata nafasi ya kuziba. Kifuniko huwekwa mwishoni ili mvuke uivishe uso ambao hautageuzwa. Na hapa ndipo Munyaka inapoanza kuleta shida. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai, rojo iliyoachwa jikoni huamka kama ilivyolala. Garissa joto humaliza kazi kabla ya adhana ya alfajiri. Huku jirani yangu hulifunika beseni kwa blanketi, hulisogeza karibu na jiko lililozimwa, na kila siku hubakiza rojo kidogo ya jana ili iianzishe ya leo. Wengine wameichoka habari hiyo. Hununua unga unaojiumua wenyewe, hukoroga asubuhi, na baada ya muda mfupi wako kwenye chuma. Vitundu vinatokea vizuri tu. Uchachu hautokei, na anjera isiyo na uchachu huwa na utamu fulani wa kitoto unaochosha kwenye kipande cha pili.

Nafaka nayo ilishahama. Kusini mwa Somalia mkate huu umejua mtama na mahindi kwa muda mrefu. Huku kwetu ni unga mweupe wa ngano wa dukani, pengine na kiganja cha unga wa mahindi ili usinate. Tungetarajia nini? Uasin Gishu ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa kulima ngano, na mtama kwa watu wa hapa ni habari ya uji. Chuma kimekuwa kikaango kisichogandisha. Makaa, kwa wengi, yamekuwa gesi. Hesabu yaliyobadilika: nafaka, chachu, chombo, moto. Kilichobaki ni mzunguko wa upawa, na jina limebaki nacho. Kama maudhui ndiyo yangelibeba jina, mkate huu ungebatizwa upya zamani.

Kazi ya umbo hilo huonekana mtu anapokula. Asubuhi anjera hupakwa samli au mafuta ya ufuta na kunyunyiziwa sukari, chai ya maziwa ikiwa pembeni. Samli hukimbilia mabondeni na kukaa humo, sukari ikaifuata. Ukiikunja, bonde hukutana na bonde, na utamu hupatikana katika kila tonge, si ukingoni tu. Watoto huikatakata bakulini wakaimwagia chai juu, na vitundu hunywa mpaka chai iishe. Mchana, pamoja na maini ya kukaanga au suqaar, nyama ya vipande vidogo, mambo hugeuka: mchuzi huingia usoni, hushuka vitunduni, kisha husimama kwenye mgongo uliozibika, usifike vidoleni. Uso unapokea na mgongo unazuia. Wanaosema anjera ni chapati ya maji iliyochacha hawajaila na mchuzi. Chapati ya maji ina nyuso mbili za aina moja, na mchuzi huteleza juu yake ukarudi sahanini.

Nirudi kwa laxoox, kwa sababu hapo hoja yangu inapata kikwazo. Wasomali wengi watakuambia laxoox na canjeero ni kitu kimoja chenye majina mawili, na kwa sehemu kubwa wana haki. Lakini jina laxoox halikai upande mmoja wa bahari. Yemen kuna lahoh, ambayo wakati wa Ramadhani hulowekwa kwa mtindi uliotiwa majani na viungo, ikawa shafut. Wayahudi wa Yemen walihamia Israel nayo. Huko wengi wao humimina rojo katika kikaango baridi bila kuzungusha chochote, ndipo wakakiinjika motoni. Mkate huo hauna mfuo hata kidogo. Una vitundu tu, kwa wingi wa kushangaza, na jina ni lilelile. Ukizitazama ncha hizo, inaonekana jina la kaskazini limeambatana na vitundu, na jina la kusini limeambatana na mzunguko. Hata injera, inayofanana na canjeero kwa jina, humwagwa kwa kuzunguka, ijapokuwa mzunguko wake haudumu. Laxoox ya Hargeisa ina vyote viwili, kwa hiyo wenyewe hawana haja ya kuchagua. Sisi tulio mbali ndio tuliochaguliwa bila kuulizwa. Unga unaojiumua umefanya vitundu kuwa kitu rahisi ambacho yeyote anaweza kukipata. Mzunguko bado unadai mkono uliofundishwa. Najua mtu wa takwimu atasema watu wa kusini walikuwa wengi zaidi na ndio waliofungua hoteli, basi, na mambo yameisha. Simkatalii. Nasema tu kwamba wingi wa watu haukuisaidia sabaayad.

Sabaayad ndiyo inayonivutia kuliko zote, maana imepotea ikiwa mezani. Fuata mikono miwili. Mpishi wa Munyaka akipika chapati husukuma donge likawa duara, hulipaka mafuta, huliviringisha likawa kamba, kisha huizungusha kamba hiyo kama ganda la konokono na kuichomeka ncha yake chini. Donge hupumzika, husukumwa tena, huenda kwenye kikaango. Mpishi wa Kisomali husukuma, hupaka mafuta, halafu hukunja ukingo mmoja kuja katikati, na wa pili juu yake, kisha ncha mbili zilizobaki, mpaka apate mraba. Huuacha upumzike, na huusukuma ukiwa bado mraba. Mafuta ni yaleyale, unga ni uleule, moto ni uleule. Tofauti yote imo katika kukunja.

Na tofauti hiyo si ndogo. Tabaka za chapati zimejizungusha. Ukiipasua hutoka kwa mapande yaliyopinda, yanayofuata njia ya kamba ya mwanzo. Tabaka za sabaayad zimelaliana. Ukiipasua hufunguka bapa juu ya bapa. Chapati ina kitovu, pale ncha ya kamba ilipochomekwa, na kitovu hicho mara nyingi huwa kinene na kigumu, ndicho kipande ambacho watoto hukisukumia wadogo zao. Sabaayad haina kitovu. Ni nyororo toka pembe hadi pembe, na kwa ladha yangu hukaa na supu ya mbuzi vizuri zaidi. Nikiiweka kando ya anjera naona jambo ambalo limenifurahisha kwa muda sasa: Mkenya na Msomali wote wana mkate wenye mzunguko, ila wa Mkenya umefichwa ndani ya chapati na hupatikana kwa kupasua, na wa Msomali umewekwa wazi juu ya anjera. Kila mmoja ameacha mraba au duara tupu kwa ajili ya mkate wake mwingine.

Kwa nini basi jina sabaayad lilimezwa, na kimis isisikike hata mara moja? Angalia Kiswahili kinavyoita mikate. Kinapenda kutaja kitendo: chapati ya kusukuma, chapati ya maji, mkate wa kumimina. Mtu mwenye mazoea hayo akiona donge la ngano linasukumwa kwa mpini na kukaangwa kwa mafuta, kazi ya kutafuta jina imekwisha kabla haijaanza. Ni ya kusukuma. Ni chapati. Zile pembe nne hazikusomwa kuwa umbo. Zilisomwa kuwa uzembe. Nimemsikia mteja katika hoteli mojawapo mjini akimtania mhudumu kwamba mpishi wao hajui kuchora duara, na mhudumu, kijana wa Kisomali, akacheka naye badala ya kumweleza. Sasa hoteli kadhaa husukuma duara. Huko ni umbo kusalimu amri mbele ya jina, na kwa mhakiki ni hasara, kwa sababu mraba uliosukumwa kuwa duara hunenepa kingo zake mahali pasipotarajiwa.

Malawax imepata nusu ya bahati hiyo. Ina mayai, maziwa, sukari na iliki, hutandazwa kwa upawa kwa mzunguko uleule wa anjera, lakini haina chachu na hugeuzwa. Vitundu havipo. Mfuo unabaki, lakini kwa rangi tu: pete za kahawia kwenye manjano, bila bonde wala tuta. Ni anjera iliyonukuliwa na mtu asiye na njaa. Hupakwa samli na asali ikaletwa kwa wageni au wakati wa Idi, na watoto wa Munyaka huiita chapati ya maji ya Kisomali, jina ambalo, ukiacha iliki, si la uongo.

Kisha muufo, ambayo haipo, na kutokuwepo kwake ndiko kunakonithibitishia hoja. Muufo ya Benadir, Mogadishu, Marka na Barawa, hupikwa kwa unga wa mahindi uliolowekwa na kuachwa uchache, ukafinyangwa kwa kiganja na kupigwa kwenye ukuta wa ndani wa tinaar, tanuri la udongo. Huko hushikilia mpaka uive. Nao una uso na mgongo, lakini kwa sababu tofauti: upande mmoja umechukua alama ya ukuta, mwingine alama ya vidole na ndimi za moto. Huliwa na mafuta ya ufuta na chai, au hulowekwa kwenye mchuzi kwa sababu ukipoa huwa mgumu wa kupimia meno. Waswahili wa pwani wanaye ndugu wa mkate huo, mkate wa mofa, ambao kwa kawaida ni wa mtama, na ng'ambo ya bahari, Yemen, mofa ni jina la tanuri lenyewe. Jina linaonyesha wazi mahali lilipojifunga: si kwenye nafaka. Mofa ya pwani ni mtama, muufo ya Benadir ni mahindi, na bado ni ndugu, maana wote wamebandikwa ukutani.

Sasa tazama nje ya dirisha lolote la Munyaka. Ukitoka mtaani tu, ni mahindi. Magunia ya mahindi hupita barabarani kwa malori, mahindi ya kuchoma huuzwa kila kona, unga wake umo katika kila nyumba, tajiri na maskini, Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya na Msomali. Kama nafaka ndiyo ingelibeba jina, hapa pangekuwa makao makuu ya muufo ulimwenguni. Lakini ploti ya kupanga ya futi chache haina mahali pa kujenga tanuri la udongo, na mwenye nyumba hangelikubali. Nimewahi kuonjeshwa kitu kilichopikwa kwenye kikaango kizito chenye kifuniko, kwa unga wa mahindi na ngano nusu kwa nusu, na kilikuwa kitamu. Aliyekipika, mwenyeji wa Mogadishu, alikataa katakata kukiita muufo mbele yangu. Alisema ni "mkate wa mahindi". Ukuta haukuwepo, basi na jina akaliweka.

Rooti, yaani mkate wa dukani, sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba imekuwa mkate wa watawala kila mahali: Djibouti ina mkate mrefu wa Kifaransa mpaka leo, na Munyaka ina mkate wa kukatwa vipande uliofungwa kwa plastiki, ambao Msomali na jirani yake hununua katika duka moja, kwa jina moja, bila ubishi.

Kuna anjera moja, hata hivyo, inayoniharibia hesabu. Huuzwa jioni na mwanamke ambaye biashara yake hasa ni chapati, na aliyejifunza anjera kwa kuitazama, kama mimi, ila yeye amefika mbali zaidi. Kikaango chake kina mafuta ya chapati zilizotangulia. Humimina rojo ya unga unaojiumua, hulaza kitako cha upawa, huzungusha kutoka katikati kwenda nje kwa mkono mwepesi ambao hata jirani yangu wa Garissa angeuheshimu. Kisha, kwa mazoea ya miaka, anaigeuza. Uso unalala kwenye mafuta. Vitundu vinaziba kwa sekunde, matuta yanabonyea, na kinachotoka kina migongo miwili na hakina uso. Mchuzi haukiingii. Nilimwambia, kwa adabu niliyoweza, kwamba anjera haigeuzwi.

"Na nani ataninunulia mkate mbichi upande mmoja?" akaniuliza, akanifungia mbili kwenye karatasi.

Kwa hoja yangu mwenyewe sina haki ya kumnyima jina. Mzunguko ulikuwepo, niliuona kwa macho yangu kabla haujapinduliwa, na wateja wake wote, pamoja na Wasomali wawili watatu waliokuwa kwenye foleni, waliomba anjera na wakapewa anjera. Lakini kwa fani yake, kile alichoniuzia ni malawax isiyo na mayai, na ningependa aiuze kwa sukari badala ya mchuzi.